Kula bila nyama wala samaki katika hoteli za Tanga: ulizia sufuria, usiulizie ubao wa bei

Mbaazi na Mahamri (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Huu ni mwaka wa tatu tangu niache kula nyama, kuku na samaki. Sababu zake ni zangu na hazina uzito katika mjadala huu. Kinachonileta ni jambo la vitendo: kazi yangu hunilazimu kula chakula cha mchana nje ya nyumba siku tano kwa juma, na mji wenyewe ni Tanga, ambako mtu anayeketi kwenye benchi la mama lishe bila kuagiza samaki huulizwa kwanza kama anaumwa. Miezi ya mwanzo nilikula wali kwa maharage mpaka nikawa naota maharage. Leo hali ni nyingine kabisa, na naweza kusema bila kutia chumvi kwamba nakula vyakula vya namna nyingi zaidi kuliko nilipokuwa mla nyama. Ila karibu vyote havimo katika ubao wa bei wa hoteli yoyote, na ndiyo maana nimeona niufungue uzi huu ili wenye hali kama yangu wasipoteze muda nilioupoteza mimi.

Nianze na lugha, kwa kuwa kosa langu la kwanza lilikuwa la lugha. Niliingia katika hoteli moja ya Ngamiani, nikamwambia mhudumu kwamba mimi nakula mboga tu. Akaitikia vizuri, akarudi na wali pamoja na kipande cha samaki aina ya changu kilichokolea nazi. Hakunikosea hata kidogo. Kwetu pwani mboga ni chochote kinachoteremshia wali au ugali, na mtu akiuliza leo mboga ni nini, hujibiwa bila mzaha kwamba leo ni ng'ombe. Siku ya pili nikajirekebisha, nikasema kwamba sili nyama, nikaletewa kuku. Nilipokataa, yule binti alinitazama kwa huruma ya kweli akaniambia, "Lakini kaka, hiyo si nyama, ni kuku." Naye pia alikuwa na haki yake, kwani buchani huulizii kuku. Tangu siku hiyo nina kauli moja ambayo naitamka yote kwa mpigo: sili nyama, sili kuku, sili samaki wala dagaa, na mchuzi wake pia siutaki. Maneno ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa kuliko yote, kwa sababu mhudumu mwenye nia njema atakutolea kipande cha nyama, akakuachia rojo lake juu ya wali, akaona amekusaidia.

Baada ya lugha, nilijifunza sufuria. Wali wa nazi hauna shida, kwani hupikwa kwa tui na chumvi tu. Pilau ina shida, hata ukiahidiwa kwamba nyama itaondolewa, kwa sababu mchele wake umechemka ndani ya supu ya nyama ileile; kilichoingia katika punje hakitoki kwa kijiko. Biriani ni habari nyingine, na hili liliniletea furaha nilipolielewa: wali wake hupikwa peke yake na rojo peke yake, vikakutana kwenye sahani. Mahali ambapo mpishi ni mwaminifu, nimekula wali wa biriani wenye zafarani na vitunguu vya kukaanga kwa mchuzi wa mabilinganya, na siku hiyo sikumwonea wivu mtu yeyote mezani. Mchicha una hila. Wapo wanaoupika kwa nazi na nyanya tu, na wapo wanaotupia dagaa au kamba wakavu kidogo ili unukie, nao hawahesabu kwamba ni samaki. Kwao hicho ni kiungo. Maharage nayo, ambayo kila mtu huyaamini, mara nyingine hukolezwa kwa vile vidonge vya mchuzi, ambavyo baadhi yake vina mafuta au ladha ya ng'ombe. Anayejali hilo aombe kuoneshwa karatasi yake, kwa adabu, na kabla ya kukaa.

Kuna jambo dogo ambalo lilinichukua karibu mwaka mzima kulitambua, nalo ni upawa. Katika hoteli nyingi upawa ni mmoja kwa sufuria zote. Ukienda saa nane mchana, maharage yamekwisha kuchotwa kwa upawa uliotoka kwenye mchuzi wa ng'ombe mara hamsini. Ukienda saa tano na nusu, wakati sufuria ndiyo kwanza zinaepuliwa, kila kitu kingali na ladha yake, na mpishi mwenyewe bado ana subira ya kukusikiliza. Saa nane hana subira, na wala hapaswi kuwa nayo.

Asubuhi ndio wakati mwepesi kuliko yote, na hapa nadhani Tanga haina haja ya kujifunza kwa mtu. Mbaazi za nazi kwa mahamri ni chakula kamili ambacho hakikuwahi kuhitaji nyama. Mbaazi zikipikwa sawasawa huchemshwa kwanza mpaka zilainike, zikatiwa tui jepesi pamoja na kitunguu, binzari ya manjano na pilipili nzima isiyopasuliwa, halafu tui zito hutiwa mwishoni kwa moto mdogo, huku ukikoroga ili lisikatike. Ziko pia bagia za kunde, vitumbua, muhogo wa kuchemsha na chapati kwa choroko. Ubaya wake ni mmoja: ifikapo saa nne mbaazi zimekwisha, na muuzaji amebaki anaosha sufuria. Nimewahi kufika saa nne na robo nikaambiwa nije kesho, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mvivu.

Mwezi wa Ramadhani ni sherehe kwa mtu kama mimi. Mchana hoteli nyingi hufunga, lakini jioni barabara za Ngamiani hujaa magimbi ya nazi, mihogo ya nazi, ndizi mbichi na mbivu, viazi vitamu, kunde, tambi, kaimati na uji wa pilipili manga. Chukua tahadhari na muhogo tu, kwani wapo wanaoupika pamoja na nyama au samaki.

Sasa nifikie kiini. Ubunifu ninaoutafuta katika chakula sikuupata kwa kuhama hoteli moja kwenda nyingine. Nilizunguka sana, kutoka Chumbageni mpaka Makorora, nikakuta ubao uleule wenye maneno yaleyale: wali nyama, wali samaki, wali kuku, wali maharage, ugali kwa hayohayo. Niliupata nilipoacha kuzunguka. Nilichagua mama mmoja, nikala kwake kila siku kwa muda wa mwezi, nikamwamkia, nikamlipa bila deni, halafu siku moja nikamuuliza nyumbani kwao walikula nini siku ambazo bahari ilichafuka na samaki hakuna. Alicheka. Kisha akataja vyakula kumi na kitu bila kupumua, vikiwemo mseto wa choroko, mabamia ya nazi yenye ukwaju, bilinganya la kuchoma lililopondwa kwa tui na ndimu, majani ya kunde kwa karanga, ndizi mzuzu kwa iliki, kisamvu, nyanya chungu, mchunga. Vyote anavijua. Hakuna hata kimoja alichowahi kukiuza. Nikamwomba anipikie kimoja kila Ijumaa kwa kuagiza siku moja kabla, na niwe nalipa bei ya sahani ya samaki. Hilo ndilo lililofungua mlango.

Naomba wengine watoe uzoefu wao: nani anapika nini, mnaagizaje, na mmekwama wapi.

Karai

Nakushukuru kwa uzi. Mimi nina banda la chipsi na naomba niseme ukweli ambao wenzangu hawatausema. Karai ni moja na mafuta ni yaleyale. Asubuhi yanakaanga viazi, mchana yanakaanga samaki, jioni yanarudi kwenye viazi. Mtu anayeacha samaki kwa sababu ya dini au nadhiri na bado anakula chipsi za jioni, anakula samaki bila kujua. Mteja wangu mmoja wa Kihindu aliniambia wazi, na tangu hapo huwa namkaangia wa kwanza kabisa, mafuta yakiwa mapya, akapeleka nyumbani. Anayetaka hivyo aje mapema na aseme.

Kinu na Mchi

Mleta uzi umesema kweli, lakini umeisema ukiwa upande wa mla. Mimi ni mama lishe, nipo Makorora mwaka wa kumi na moja huu, na ningependa mjue kwa nini mseto na kisamvu havionekani kwenye ubao, msije mkadhani kwamba sisi hatuna akili ya kubuni.

Bei ya sahani huamuliwa na kitoweo. Mteja akiona kipande cha samaki, anaelewa anacholipia. Akiona majani, anaona nimemchumia uani. Nikipika kisamvu, majani yanatakiwa kutwangwa kwenye kinu mpaka yawe laini, yachemshwe kwa muda mrefu sana, yatiwe karanga zilizosagwa na tui la nazi mbili au tatu, na mkaa wote huo mnaujua unavyouzwa. Kazi ya kutwanga na kuchemsha huwezi kuifupisha, kwani majani ya muhogo yana sumu yake na mzee yeyote atakwambia kwamba kisamvu kibichi kinadhuru. Nikijumlisha, sufuria ya kisamvu hainigharimu chini ya sufuria ya dagaa, lakini mteja anataka kuilipia kama maharage. Nitaipika kwa nani?

Jambo la pili ni kwamba tui halingoji jioni. Joto letu mnalijua. Mchuzi wa nazi usiposimamiwa, saa tisa alasiri umeanza kuchacha, na mchicha uliopikwa saa nne, saa nane umekuwa mweusi. Samaki wa kukaanga aliyebaki naweza kumrudisha motoni. Mchicha uliobaki ni hasara. Kwa hiyo napika mchicha kidogo, wa kusindikiza tu, na anayefika amechelewa anakosa.

Hilo la kuagiza siku moja kabla ndilo jibu, nami nalikubali kwa mikono miwili, ila liwe na watu. Mtu mmoja akiniagiza mseto, nitampikia kwa kumheshimu, lakini sipati kitu, kwa sababu sufuria ya mtu mmoja inakula mkaa sawa na ya watu sita. Wakija watano au sita wakasema kwamba Ijumaa wanataka mabamia na bilinganya, huo ni mchezo mwingine. Napika sufuria nzima, wengine pembeni wakisikia harufu nao wanaomba, na hapo ndipo chakula kinapoingia kwenye ubao chenyewe bila mtu kukipigia debe. Mwaka juzi wafanyakazi wa ofisi fulani walinizoesha kupika majani ya maboga kwa karanga kila Jumatano, na mpaka leo nisipopika naulizwa.

Na shikamoo zenu zisiishie mlangoni. Mtu anayekuja na masharti saba, akaniita "we mama" kutoka barabarani, huyo nitampa wali maharage.

Mgeni wa Kange

Nawasalimu wote. Mimi ni mgeni, hushuka stendi ya Kange kwa kazi za siku mbili kisha narudi nilikotoka. Sina mwezi wa kumzoea mama lishe. Je, mtu wa namna yangu afanyeje? Safari iliyopita nilikula ndizi mbivu na karanga kwa siku mbili, na ya tatu nilikuwa naona kizunguzungu kwenye basi.

Mbaazi na Mahamri

Pole sana, mgeni wetu. Tanga husemwa waja leo waondoka leo, na bahati mbaya wewe umeitekeleza kwa maana yake ya juu juu.

Kwa siku mbili, ningekushauri asubuhi uwahi mbaazi kama nilivyoeleza, kisha mchana na jioni uegemee vyakula vyenye asili ya Kihindi. Familia za Kihindi, za dini ya Kihindu na ya Kijaini, zimeishi katika mji huu kwa vizazi vingi, na athari ya jikoni kwao imeenea mpaka kwa wauzaji wa barabarani ambao wenyewe hawana habari: kachori za viazi, bagia za dengu kwa chatini ya nazi, sambusa za mboga, mchuzi wa dengu kwa chapati. Sambusa ziulizie kabla ya kuuma, kwani za nyama na za viazi hufanana kwa umbo. Ukipata mwenye hoteli wa jamii hizo, mambo huwa mepesi zaidi, maana anayajua masharti yako kuliko wewe mwenyewe. Wajaini wanaoshika dini sana, kwa mfano, huacha pia vitunguu, vitunguu saumu na viazi, yaani chochote kinachong'olewa chini ya ardhi, na mpishi aliyezoea kuwahudumia hatashangazwa na masharti yako mepesi.

Jioni tafuta urojo. Rojo lenyewe ni unga, binzari na ukali wa embe mbichi au ndimu, na ndani yake huwekwa viazi, bagia, kachori na chipsi za muhogo zilizopondwa. Mwambie muuzaji mapema, kabla hajashika bakuli, kwamba hutaki mishkaki, na yai pia kama huli. Ukisema baada ya bakuli kujaa, atakutolea mishkaki kwa mkono, na utakuwa umemwonea bure.

Chungwa la Muheza

Naona wengi wanazungumzia hoteli kana kwamba sahani huanzia jikoni. Mimi napeleka mazao Tanga, na naomba niwarudishe nyuma hatua moja, sokoni.

Mkoa huu una jambo ambalo mikoa mingi ya pwani haina: milima ya Usambara iko nyuma yetu. Kabichi, karoti, njegere, hoho, maharage mabichi na viazi mviringo hushuka kutoka Lushoto kwa magari, yakapita Mombo, Korogwe na Muheza, na asubuhi yapo soko la Mgandini. Kutoka Amani na vijiji vyake huja iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Huku chini tuna nazi, muhogo, magimbi, mafenesi, mashelisheli na machungwa. Mtu akiniambia kwamba Tanga hakuna cha kupika zaidi ya maharage, nitamwuliza kama amewahi kuamka kabla ya saa mbili.

Nitatoa mifano miwili. Wa kwanza ni fenesi changa. Sisi tumezoea kungoja fenesi liive, lakini Wahindi hulipika lingali bichi, kabla kokwa hazijakomaa. Hukatwa vipande, likachemshwa, kisha likakaangwa kwa vitunguu, tangawizi, binzari nyembamba na giligilani, likatiwa nyanya. Nyama yake hujichana nyuzi nyuzi kama nyama ya ng'ombe iliyoiva sana, na nimewahi kumwona mzee wa Kibondei akila sahani nzima huku akisifu ulaini wa ng'ombe. Kilichowazuia mama lishe wengi ni ulimbo wake. Dawa ni kupaka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu kabla ya kulikata, na kisu kifutwe kwa karatasi yenye mafuta, si kwa maji. Nilimletea mama mmoja wa Ngamiani mafenesi mawili machanga bure ili ajaribu. Siku ya kwanza aliyatupa baada ya kisu kunasa. Siku ya pili nilisimama naye jikoni, na sasa ananiagiza mwenyewe.

Wa pili ni shelisheli. Likichemshwa kwa nazi na chumvi linakaa mahali pa magimbi. Likikatwa vipande vyembamba na kukaangwa, linashinda chipsi za viazi, kwa rai yangu. Msimu wake ukifika huwa mengi mpaka yanaanguka na kuoza. Hoteli hazilipiki kwa sababu linahesabiwa kuwa chakula cha nyumbani.

Na bada msiisahau. Ugali wa muhogo kwa mchunga uliochemshwa ukamwagwa maji ya kwanza ili uchungu upungue, ukatiwa nazi, ni mlo ambao wazee wetu waliula kabla ya hoteli kuwepo. Mgeni ataukunjia uso mara ya kwanza.

Ng'ombe Mbili

Kwa heshima zote, mimi naona mnapamba umaskini. Majani na mihogo ni chakula cha siku ambayo mfuko umetoboka. Mtu amefanya kazi juma zima, halafu Ijumaa aende akalipie mchicha kwa bei ya samaki? Samaki anatoka bahari hiyo hapo.

Mbaazi na Mahamri

Ndugu yangu, hujanikosea, na mama yangu mzazi husema hayohayo. Ila tazama hesabu moja. Ninapolipia mabamia kwa bei ya samaki, silipii mabamia. Nalipia nazi mbili, ukwaju, saa moja na nusu ya mtu kusimama jikoni, na mkaa. Kinu na Mchi amekwisha kulieleza hilo vizuri kuliko mimi. Ama suala la mihogo kuwa chakula cha shida, nakubali kwamba muhogo mkavu wa kuchemsha ni shida. Muhogo wa nazi wenye pilipili na vitunguu, ambao mafuta ya tui yamepanda juu, sijaona mtu akiukataa, na hasa wewe, kama nitakukuta Ramadhani jioni.

Lishe Kwanza

Nimesomea lishe, na sipendi kuwaingilia walaji, lakini Mgeni wa Kange amenistua kwa kile kizunguzungu. Ndizi na karanga kwa siku mbili si mlo wa mtu anayefanya kazi.

Mwili unahitaji protini, na mimea inayo, ila haiko sawa kila mahali. Nafaka kama mchele na mahindi zina upungufu wa sehemu moja ya protini iitwayo lisini, ambayo mikunde inayo kwa wingi, na mikunde nayo hupungukiwa na methionini, ambayo nafaka zinayo. Kwa hiyo wali kwa mbaazi, ugali kwa kunde, au huo mseto wa mchele na choroko, hukamilishana. Bibi zetu hawakusoma jambo hili popote, lakini sahani zao zilikuwa hivyo. Sahani ya wali na mchicha peke yake, hata ikiwa na nazi, bado ina pengo, ongeza mikunde.

Madini ya chuma yaliyomo katika majani ya kijani huingia mwilini kwa shida, na yanasaidiwa sana na vitamini C. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mchicha, kachumbari ya nyanya, au chungwa la Muheza baada ya kula vinafanya kazi hiyo. Chai hufanya kinyume chake, kwa sababu tanini yake huyashika madini hayo. Kwa hiyo wenye mazoea ya kuteremshia chakula kwa chai ya rangi wangoje angalau saa moja.

Jambo moja halina njia ya mkato. Vitamini B12 haipatikani katika mimea kwa kiwango cha kutegemewa. Anayekunywa maziwa na kula mayai anaipata, na mkoa huu haukosi maziwa wala mtindi. Aliyeacha vyote kabisa anapaswa kutumia vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, na asingoje mpaka miguu ianze kufa ganzi, kwani akiba iliyomo mwilini huweza kuchukua miaka kwisha na mtu akajiona mzima.

Kinu na Mchi

Mwalimu wa lishe, asante. Hilo la ndimu nitaliweka mezani kuanzia kesho. Chai sitaweza kuwanyima, watahama.

Mgeni wa Kange

Nimerejea kutoa taarifa. Nilifika Tanga juzi usiku. Asubuhi niliwahi mbaazi saa moja na dakika chache, nikala mahamri manne, na kwa mara ya kwanza sikusikia njaa mpaka adhuhuri. Mchana nilisema ile kauli yote kwa mpigo kama mlivyonifundisha. Mhudumu alinyamaza kidogo, kisha akaenda kumwita mama mwenyewe kutoka jikoni, jambo ambalo lilinitia hofu. Mama akaja na mwiko mkononi, akaniuliza kama nimewekewa nadhiri au nimekatazwa na daktari. Nilipomwambia kwamba ni hiari yangu, akasema basi ningoje, akanipikia nyanya chungu kwa tui na karanga mbele ya macho yangu. Nilingoja dakika arobaini. Aliniomba shilingi 3,000, nikatoa bila kubishana.

Swali langu limebaki moja: urojo niliuzungukia bila kuupata. Wanauza kuanzia saa ngapi?

Mbaazi na Mahamri

Kwa ninavyoona mimi, wengi hutandaza meza baada ya alasiri, jua likishapungua, na wengine hungoja mpaka magharibi. Ukitoka mapema zaidi ya hapo utakuta meza tupu.

Naomba pia nilete habari ya Ijumaa. Baada ya kusoma maneno ya Kinu na Mchi, niliwakusanya wenzangu kazini, na tumefika saba, wawili wakiwa ni walaji nyama wa kawaida waliovutiwa na gharama ya kuchangia. Tumekubaliana na mama yetu kwamba tunamwachia nusu ya fedha Alhamisi jioni ili aende Mgandini alfajiri akiwa na mtaji, naye achague mwenyewe kulingana na atakachokuta sokoni. Sisi masharti yetu ni upawa wa peke yake na tui la nazi ya kukuna siku hiyohiyo. Ijumaa ya kwanza alitupikia mseto wa choroko, mabamia ya ukwaju na kachumbari ya embe bichi. Mseto uliungua kidogo chini. Wale wawili walaji nyama ndio waliogombania ukoko.

Ijumaa ijayo amesema anataka kujaribu fenesi. Chungwa la Muheza, kama unashuka Alhamisi, tafadhali tuletee mawili machanga, na uje na mafuta ya kupaka kisu.

Chungwa la Muheza

Nitakuwa Mgandini saa kumi na mbili alfajiri, upande wa magari ya nazi. Mama aje na gunia, ulimbo wake hautoki kwenye kanga.